Re: Ripoti ya saikolojia, nianzie wapi?

Dada, umeuliza uanzie wapi kuandika ule utafiti wako wa usingizi na kumbukumbu, na kama matokeo na maelezo yake yanakaa pamoja. Anza na mbinu, juu hiyo ndio bado unaikumbuka vizuri. Andika venye ulifanya kabisa, washiriki wangapi, umri, uliwapata aje, walisomewa maneno mangapi, wakangoja dakika ngapi, mpaka mtu wa Kakamega ambaye hakujui aweze kurudia hiyo kitu bila kukupigia simu. Mimi nikisoma hapa Kisumu niliandika tu "wanafunzi walipewa mtihani", msimamizi akarudisha karatasi imejaa wino mwekundu, na alikuwa na haki.

Matokeo weka namba tu: wastani, mkengeuko sanifu (yaani namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwa wastani), thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au makubwa zaidi kama kwa kweli hakuna tofauti) yenyewe kama .032, si "chini ya .05". Maana yake ngojea sehemu ya mjadala. Na tafadhali usiseme "imethibitisha", sema matokeo yanaunga mkono nadharia tete, yaani ile dhana ulianza nayo ukaipima. Kama haikutoka ulivyotarajia iandike hivyo hivyo, namba usiguse kabisa. Muhtasari andika mwisho, kwa mtindo wa APA (kanuni za uandishi za Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani) kawaida hauzidi maneno 250.