Usiniulize shule ilitoa Divisheni Wani ngapi

Kila Januari matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, yakitoka, wateja wangu pale sokoni Sofia huacha kuulizia bei ya sweta, wanaanza kuulizia shule. "Mama, ile ya serikali kule juu imetoa Divisheni Wani ngapi?" Huwa najibu huku nakunja nguo: sijui, na hata ningejua nisingekwambia, kwa maana hesabu hiyo ndiyo iliyonipoteza.

Mtoto wangu wa kwanza nilimwandikisha shule moja ya serikali hapa Busia, mpakani na Kenya, kwa sababu ya bango. Lilikuwa getini, maandishi mekundu, na majina ya watoto waliopata agrigeti 4. Kwa asiyezoea mambo yetu ya Uganda: PLE ina masomo manne, Kiingereza, Hesabu, Sayansi na SST, yaani maarifa ya jamii. Kila somo mtoto hupewa namba kuanzia 1, ambayo hakuna iliyo bora kuliko hiyo, hadi 9, ambayo ni kuanguka. Zikijumlishwa, jumla hiyo ndiyo agrigeti; ikiwa kati ya 4 na 12, huyo yuko Divisheni Wani, daraja la juu kabisa. Nikaona hao wa 4 nikasema hapa ndipo. Nikanunua sare, fagio mbili, rimu ya karatasi na karatasi za choo kama nilivyoagizwa, nikamkabidhi mtoto getini, nikarudi sokoni. Ndani sikuingia.

Miaka miwili ikapita. Akiwa P.3, yaani darasa la tatu la msingi, jioni moja nikamnyooshea mfuko wa unga nikamwambia anisomee. Akautazama, akasema, "Mahindi." Mfuko ulikuwa na picha ya mahindi. Nikafunika picha kwa kiganja. Mtoto akanyamaza, akaniangalia usoni kana kwamba nimemwibia kitu.

Kesho yake nilifunga biashara nikaingia shuleni kwa mara ya kwanza. Darasa la P.3 lilikuwa na watoto zaidi ya mia, mwalimu mmoja, madawati yameisha katikati ya chumba, waliobaki wako sakafuni. Wa mbele wanamsikia mwalimu, wa nyuma wana ulimwengu wao. Halafu nikapita P.7. Watoto arobaini hivi, kila mmoja na kiti chake, na walimu wanapokezana kuanzia alfajiri hadi jua linazama. Bango halikusema uongo. Tatizo ni kwamba lilikuwa bango la chumba kimoja, na mwanangu alikuwa chumba kingine.

Baadaye nilichaguliwa kuwakilisha wazazi kwenye kamati ya shule, nikakaa huko miaka mitatu, nikaona jinsi mambo yanavyopikwa. Mwalimu mkuu hupimwa kwa PLE. Wilaya inamuuliza PLE, wazazi wanamuuliza PLE, redio inasoma PLE. Kwa hiyo akipata mwalimu mzuri anampandisha juu, P.6 na P.7, na aliyeripoti jana anapewa P.1, kwa kuwa "hao ni watoto tu". Simlaumu sana, sisi ndio tuliomfundisha kufanya hivyo kwa maswali yetu.

Kuna pia jambo ambalo bango haliwezi kukuonyesha: ni nani ambaye hakufanya mtihani. Mtoto dhaifu wa P.6 anaambiwa arudie darasa. Akirudia mara mbili, mzazi anashauriwa, kwa sauti ya upole kabisa, amtafutie "shule inayomfaa". Wengine wanaandikishwa mtihani kituo kingine ili namba zao zisichafue jina la shule. Ndiyo maana ninapomsindikiza mzazi, kitu cha kwanza ninachotafuta ni ile chati ya manila iliyobandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ya idadi ya wavulana na wasichana kuanzia P.1 hadi P.7. Karibu kila ofisi inayo. Isome taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikuta P.1 wako 140, P.4 wako 90, na P.7 wako 35, usianze kupiga vigelegele vya Divisheni Wani kumi. Uliza wale mia moja wameenda wapi. Halafu uliza P.6 ya mwaka jana ilikuwa na wangapi, na waliosajiliwa PLE mwaka huu ni wangapi.

Usimrukie mwalimu mkuu, lakini. P.1 huwa imevimba kila mahali, kwa sababu nasari ni ya kulipia na P.1 ni ya UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, basi watu wanaleta watoto wa miaka minne wakisema ana sita. Na hapa mpakani familia zinahama, wengine wanavuka kusoma Kenya. Kupungua kidogo kunaeleweka. Unachosikiliza ni kama mwalimu mkuu anajua watoto wake wameenda wapi. Mmoja aliniambia, "Wazazi wa siku hizi ni wakorofi," akafunga mazungumzo. Mwingine akatoa daftari akaanza kunisomea: huyu alihamia Tororo, huyu aliolewa tukaenda hadi kwa mwenyekiti wa LC, yaani wa serikali ya mtaa, huyu yuko sokoni anauza maji, bado tunamfuata. Huyo wa pili nikaendelea kumsikiliza.

Siku ya kwenda ni Jumatano, saa nane mchana, wiki ya tano au ya sita ya muhula. Siku ya wazazi usiende, siku hiyo hata choo kinanukia dawa ya Jik. Jumatatu kuna paredi na walimu wote wapo. Ijumaa mchana kila mtu anajua ilivyo. Jumatano baada ya chakula ndipo shule inapojisahau. Pita kwenye veranda kama mtu anayetafuta ofisi, hesabu madarasa yenye mwalimu na madarasa ambayo kiranja yuko ubaoni anaandika majina ya wapiga kelele. Nimewahi kukuta viranja wanne katika madarasa saba. Walimu walikuwa wamesaini kitabu asubuhi, wote.

Halafu madaftari. Hili ningepewa dakika moja tu ya kusema ndilo ningesema. Usiombe shuleni, watakuchagulia la mtoto bingwa. Mtafute mtoto wa jirani anayesoma P.2 au P.3 pale, umpe ndizi, akuletee begi lake. Angalia tarehe: kazi ya mwisho kusahihishwa ni ya lini? Kama ni wiki tatu zilizopita, mwalimu ameshindwa na wingi wao, au ameshindwa na nafsi yake. Angalia makosa: mwalimu ameweka mkasi (X) tu, au mtoto amerudia akaandika sahihi chini yake? Na angalia tiki. Kuna tiki kubwa nyekundu inayoshuka ukurasa mzima kama mstari wa baiskeli, imepita juu ya 7 + 5 = 13 bila kusimama. Nikiona hiyo sihitaji kuona kingine. Linganisha pia madaftari ya watoto wawili. Yakifanana neno kwa neno, koma kwa koma, hawaandiki, wananakili ubao, na ubao unaweza kunakiliwa na mtoto asiyejua herufi hata moja. Wangu alikuwa na mwandiko mzuri sana, kwa taarifa yako.

Mwishowe wape watoto kitu wasome. Kuna watu wa Uwezo, jina lao Kiswahili kabisa, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba Uganda wakiwapima watoto kusoma na hesabu za kiwango cha P.2. Hawaangalii cheti wala bango, wanampa mtoto herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi, na mara nyingi wamekuta wa P.3 na hata wa juu zaidi hadithi hiyo inawashinda. Nawe fanya hivyohivyo. Chukua watoto watano wa mtaani kwako wanaosoma shule hiyo, kwa sababu mmoja anaweza kuwa na akili zake au kaka anayemfundisha nyumbani, na uwape kitu ambacho hawajakariri. Mfuko wa unga unatosha, ila funika picha.

Hapo lugha itakuchanganya, kwa hiyo niseme. Mtaala ulioanza mwaka 2007 unataka P.1 hadi P.3 wafundishwe kwa lugha ya eneo, P.4 iwe ya kuvukia, na kuanzia P.5 Kiingereza. Sasa njoo Busia, ambako darasa moja lina Wasamia, Wateso, Waganda, na hawa wetu ambao nyumbani ni Kiswahili kitupu. Shule nyingi za mjini zinaona afadhali Kiingereza tangu siku ya kwanza. Wazazi tunashangilia, mtoto anarudi na "gudi moningi ticha". Mimi siku hizi namuuliza mwalimu wa P.1 swali moja: mtoto asipoelewa, unamweleza kwa lugha gani? Akisema, "Kwa yoyote atakayoisikia," basi ni mwalimu. Akisema Kiingereza tu, basi watoto wanaitikia kwa pamoja tu, wala hawamwelewi.

Upande wa pesa. UPE ilianza Januari 1997, na watoto wa shule za msingi wakaruka kutoka kama milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano mwaka huohuo. Serikali hutuma ruzuku ndogo kwa kila mtoto. Kabla ya UPE kulikuwa na aibu yetu inayojulikana dunia nzima: uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulikuta ni kama asilimia 13 tu ya ruzuku iliyokuwa inafika shuleni, nyingine ikipotelea njiani. Magazeti yalipoanza kuchapisha kiasi kilichotumwa, na shule zikaamriwa kubandika kiasi kilichopokelewa, pesa nyingi ikaanza kufika. Kwa hiyo ile karatasi iliyobandikwa ubao wa matangazo ina historia yake. Itafute. Kama ni ya muhula huu na ina muhuri, vizuri. Kama imefifia na tarehe yake ni ya miaka mitatu nyuma, muulize mwenyekiti wa kamati, siyo mwalimu mkuu, halafu uone kama anajua.

Na UPE haina maana ya bure, tusidanganyane. Chakula, kwa Sheria ya Elimu ya 2008, ni jukumu la mzazi. Swali si kama mtatozwa pesa ya posho (ugali) na maharage, mtatozwa. Swali ni mtoto ambaye mama yake hajalipa anafanya nini saa saba. Kuna shule zinamrudisha nyumbani, na akirudishwa Jumatatu haonekani hadi Alhamisi. Kuna nyingine zinapokea mahindi au kuni badala ya pesa. Muulize mpishi, mpishi anajua majina yote.

Vyoo: vya wasichana viwe na mlango wenye komeo na maji karibu, basi. Kiwango cha serikali ni watoto 40 kwa tundu moja, hesabu mwenyewe. Fimbo: sheria ilizipiga marufuku shuleni mwaka 2016, lakini chungulia nyuma ya mlango wa ofisi. Rangi ya ukuta na bustani ya maua, sina maoni.

Mimi nilihamia shule gani, utaniuliza. Baada ya ule mfuko wa unga nilitaka kukopa nimpeleke ya kulipia, yenye basi la njano. Nilikwenda huko Jumatano, nikaona madaftari, nikarudi na pesa yangu. Nikaishia shule nyingine ya serikali, kuta hazijapigwa lipu, hakuna bango. Kilichonishika ni jibu moja. Nilimuuliza mwalimu mkuu, "Mwalimu wako mzuri kuliko wote yuko darasa gani?" Akasema bila kufikiri, "P.1, na hatoki." Ni mama mtu mzima, sauti ya chini, anawagawa watoto makundi makundi chini ya mwembe kwa vifuniko vya chupa na herufi za kadibodi. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya kufungwa tangu Machi 2020, mtoto wangu wa pili aliyeacha P.1 aliambiwa ingia P.2 kama wenzake wote nchini. Yule mama akaomba apewe hao wa P.2 kila alasiri kwa muhula mzima, akaanza nao a-e-i-o-u. Wangu wa kwanza alitoka na agrigeti 15, Divisheni Tu, yaani ya pili. Hakuna aliyemwandika getini, lakini magazeti ninayofungia nguo anayasoma yote.

Mwezi uliopita nilimpeleka jirani yangu anayeuza mukene, yaani dagaa, ana mapacha wa kuanza P.1. Tulikwenda Jumatano kama kawaida yangu. Tukasoma chati, tukahesabu viranja, akamkuta yule mama chini ya mwembe na vifuniko vyake. Nikawa najisikia kama mwenye shule. Tukiwa tunatoka ofisini jirani akageuka, akamuuliza mwalimu mkuu, "Na yule mama anastaafu lini?"

Miaka yote ile mimi sikuwahi kuuliza hilo. Mwalimu mkuu akacheka, akakuna kichwa, akasema miaka miwili, ila kuna kijana amewekwa naye darasani tangu mwaka jana anajifunza. Jirani akataka kumwona huyo kijana. Tukarudi chini ya mwembe, tukakaa kwenye mizizi, tukamngoja amalize somo.