Wasomaji Wanauliza: Lugha na Safari ya Wataalamu Kwenda Kanada

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhandisi wa umeme, sijaoa, nina shahada moja na uzoefu wa kazi wa miaka mitano. Nimefanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS, wa aina ya General Training, nikapata 8.0 katika kusikiliza, 7.5 katika kusoma, 7.0 katika kuzungumza na 6.5 katika kuandika. Rafiki yangu aliyetangulia Calgary ananiambia kwamba nimefaulu, kwa kuwa kinachotakiwa ni 6.0, lakini wakala mmoja wa hapa mjini anasisitiza nirudie mtihani. Nani mkweli? Tena sielewi kwa nini mtu aliyesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi chuo kikuu atahiniwe lugha hiyo hiyo. – Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja anazungumzia jambo lake. Rafiki yako anazungumzia sharti la kustahili. Mpango wa shirikisho wa wafanyakazi wenye ujuzi unamtaka mwombaji afikie kiwango cha 7 katika vigezo vya lugha vya Kanada, vinavyojulikana kwa kifupi kama CLB, katika stadi zote nne, na kwa mtihani ulioufanya kiwango hicho ni 6.0 katika kila stadi. Baada ya hapo mwombaji hupimwa kwa jedwali la alama 100, ambalo humtaka apate angalau 67. Katika jedwali hilo lugha ina alama 28 na elimu ina 25, jambo linalowashangaza wengi wetu tuliolelewa kuamini kwamba cheti cha chuo kikuu ndicho kila kitu.

Wakala wako, ambaye kwa mara hii namuunga mkono ingawa si kawaida yangu kuwatetea mawakala, anazungumzia ushindani unaofuata. Tangu Januari 2015 waombaji waliostahili huingizwa katika mfumo wa Express Entry, hupangwa kwa alama nyingine kabisa, na wale wa juu ndio wanaopewa mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu. Katika upangaji huo, mtu asiye na mwenzi hupata alama 31 kwa kila stadi iliyofikia kiwango cha 9, na alama 23 kwa stadi iliyoishia kiwango cha 8. Kusikiliza, kusoma na kuzungumza kwako kote kumefika 9, lakini 6.5 ya kuandika ni kiwango cha 8, kwa hiyo hapo umekwisha kupoteza alama 8.

Hasara kubwa zaidi imejificha penginepo. Mfumo huo hutoa alama za nyongeza kwa mtu anayeunganisha lugha nzuri na elimu, na vilevile lugha nzuri na uzoefu wa kazi wa nje ya Kanada, lakini nyongeza kamili hutolewa pale tu stadi zote nne zinapofika kiwango cha 9, na ikipungua moja tu hesabu inashuka. Kwa shahada moja ungepata 25, sasa utapata 13. Kwa uzoefu wa miaka mitatu au zaidi ungepata 50, sasa utapata 25. Jumlisha na zile 8 za mwanzo, utaona kwamba nusu bendi, yaani ile 0.5 uliyopungukiwa katika kuandika, imekugharimu alama 45. Kwa hiyo, ndiyo, rudia.

Kabla ya kulipia mtihani mpya, fahamu kwamba unaweza kuomba karatasi yako isahihishwe upya ndani ya wiki sita tangu siku ya mtihani, kwa ada ambayo hurudishwa iwapo alama itabadilika. Ukiamua kurudia, elekeza nguvu kwenye uandishi. Una dakika 60 za kuandika barua yenye maneno yasiyopungua 150 na insha yenye maneno yasiyopungua 250, na insha ina uzito mara mbili ya barua. Hata hivyo, watahiniwa wengi wa kwetu huishughulikia barua mpaka muda wa insha unakwisha. Nadhani desturi yetu ya uandishi inachangia. Tumezoea kuanza na salamu ndefu, kumjulisha mwenzetu kwamba sisi ni wazima na kwamba hofu ni kwake, ndipo tuingie kwenye shabaha, ilhali msahihishaji wa mtihani huu anataka aone shabaha katika sentensi ya kwanza au ya pili. Lugha yetu nayo ina mitego yake: Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi cha nafsi, wala hakina vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino za Kiingereza, hivyo makosa ya aina hizo mbili hujirudia katika karatasi zetu bila sisi wenyewe kuyaona. Mwombe mtu ayapigie mstari hayo mawili tu katika insha zako kumi za mazoezi.

Kuhusu lugha ya kufundishia, nakuelewa, lakini katika mpango huu Kanada haimsamehi mtu yeyote, na hata Mwingereza aliyezaliwa London hufanya mtihani. Huenda umesikia habari za Uingereza, ambako shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza inaweza kukubaliwa badala ya mtihani baada ya kuthibitishwa na Ecctis, shirika la huko linalotathmini vyeti vya nje. Huko nako masharti yamekazwa, kwani kuanzia tarehe 8 Januari 2026 waombaji wapya wa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi wanatakiwa kufikia kiwango cha Kiingereza cha B2, kilicho juu ya B1 cha zamani.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwa Kifaransa maisha yangu yote na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Je, Kanada ni ndoto tu kwangu? – Msomaji, Bujumbura

JIBU: Kinyume chake, huenda wewe umekaa mahali pazuri kuliko mhandisi wetu wa Mbeya. Kifaransa ni lugha rasmi ya Kanada sawa na Kiingereza, na unaweza kukitumia kama lugha yako ya kwanza kwa kufanya mtihani wa TEF Canada au TCF Canada. Ukifikia kiwango cha 7 katika stadi zote nne, unaongezewa alama 25 hata kama hujafanya mtihani wowote wa Kiingereza, na nyongeza hiyo inakuwa 50 ukionyesha pia Kiingereza cha kiwango cha 5. Kwa IELTS kiwango hicho ni 4.0 katika kusoma na 5.0 katika stadi nyingine tatu, kwa hiyo Kiingereza chako cha kuombea maji kikinolewa kwa miezi michache kinaweza kukufikisha hapo. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2023 kuna duru maalumu za mialiko kwa wanaojua Kifaransa, na mwezi Februari 2024 mojawapo ilishuka hadi alama 336, wakati duru za jumla zilikuwa zinadai zaidi ya 500. Angalizo ni kwamba mfumo huu ni wa wanaokusudia kuishi nje ya jimbo la Quebec, ambalo huchagua wahamiaji wake wenye ujuzi kwa utaratibu wake lenyewe.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Nina IELTS ya aina ya Academic, 7.0 kila sehemu, niliyoifanya miezi 20 iliyopita. Naweza kuitumia kuombea ukaazi Kanada? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, dada yetu. Express Entry hupokea General Training, na Academic haikubaliki hata ingekuwa na 9.0. Hata ingekubalika, matokeo yanatakiwa yawe hayajatimiza miaka miwili siku unapofungua wasifu wako na pia siku unapowasilisha maombi, na miezi minne iliyobaki ni michache mno kwa mchakato huo. Cheti chako kinafaa zaidi kwa baraza la wauguzi la Uingereza, ambalo hudai 7.0 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kama bado unaifikiria Uingereza, peleka maombi yako kabla hakijatimiza miaka miwili, maana huko nako kikomo ni hicho hicho.