Maswali ya Wasomaji: Siku Moja ya Bajaji, Mtwara na Mikindani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi. Mwezi ujao mama mkwe na wifi yangu wanakuja kutoka Dodoma, nami nimekusudia kuwapeleka Mtwara wakaione bahari na majengo ya kale. Nimesikia kwamba bajaji hukodiwa kwa siku nzima ikamzungusha mgeni mjini hadi Mikindani. Je, siku moja inatosha? Na dereva anaweza kuwa ndiye mwongozaji wetu? Mama mkwe ana maumivu ya magoti.

JIBU: Mwalimu, siku moja inatosha endapo sehemu kubwa yake mtaitoa kwa Mikindani, na Mtwara mjini mkaiachia jioni. Mji huo wa kale uko kilomita zipatazo 10 tu kutoka Mtwara kwa barabara ya Lindi. Bajaji inawafaa kwa sababu kiti cha nyuma ni cha abiria watatu, yaani ninyi hasa. Sakafu yake iko chini, hivyo mama hatahangaika kupanda. Tena huingia katika vichochoro ambavyo gari hugeuka kwa shida. Patana na dereva kijiweni kabla ya kuondoka, na mapatano yataje siku nzima, mafuta na muda wa kuwangoja. Ondokeni saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, na mwombe dereva asikimbizane na malori ya korosho na makaa ya mawe yaendayo bandarini.

Kuhusu mwongozaji, ushauri wangu ni kwamba dereva aendeshe na mwenyeji wa Mikindani aeleze. Mkutane naye huko huko, kwani kumbana mtu wa nne ndani ya bajaji ni hatari. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa Mikindani ni mji ambao yaliyothibitika na yanayosimuliwa tu yamekaa nyumba moja, na mgeni asiye na mtu makini wa kumtenganishia huondoka na hadithi akidhani amebeba historia.

Chukua mfano wa nyumba ya David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti. Kibao cha ukutani chenyewe kina uangalifu: kinaeleza kwamba inasemekana hapo ndipo alipokaa, ila linalojulikana kwa hakika ni kwamba alikuwa katika mji huo kuanzia tarehe 24 Machi hadi 7 Aprili 1866, na kwamba safari yake ya mwisho ilianzia hapo. Mwongozaji mzuri atawaeleza pia kuhusu ngamia, nyati, baghala na punda alioshuka nao, akitaka kuona kama watastahimili mbung'o, na hatawasahau Chuma na Susi, wasaidizi wake Waafrika waliokuwa katika safari hiyo tangu mwanzo na ambao, baada ya Livingstone kufariki mwaka 1873, walishiriki kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Mimi huona uchungu majina ya watu hawa wawili yanaporukwa.

Jengo liitwalo soko la watumwa linahitaji uangalifu zaidi. Mkataba wa kufunga masoko ya watumwa ulitiwa saini na Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1873. Basi muulizeni mwongozaji kama kuta mnazoziona zilijengwa kabla au baada ya mwaka huo. Biashara yenyewe haina shaka: misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliteremka hadi pwani hii yetu ya kusini. Wewe wa Masasi una sababu ya pekee ya kusimama hapo kwa utulivu, kwa maana misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Steere wa Kanisa la Anglikana pamoja na watu waliokombolewa utumwani.

Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, sasa ni hoteli. Mama asipoweza ngazi za mnara, apumzike kivulini chini huku ninyi mkiitazama ghuba kutoka juu. Ghuba hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Mikindani ilipitwa: mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulihitaji bandari yenye kina kirefu, na kina hicho kilikuwa Mtwara. Mradi ulianguka mwaka 1951, reli yake ikang'olewa baadaye, bandari ikabaki. Jioni teremkeni Feri, mle samaki au pweza mkitazama watu wanavyovuka kwenda Msangamkuu. Ufukwe wa Msimbati uacheni kwa siku nyingine na kwa gari, maana ni mbali na njia ina mchanga.

SWALI: Mimi ni dereva wa bajaji Mtwara. Wageni hunitaka niwaeleze historia, nami nina machache niliyoyasikia kwa wazee. Niwaeleze au ninyamaze?

JIBU: Ndugu dereva, waeleze, lakini mtaje aliyekuambia. Ukisema "wazee wa Mikindani husimulia hivi", umesema kweli hata kama jambo lenyewe halijathibitika. Ukilitangaza kama tukio la hakika, mgeni atalipeleka mbali na kosa litakuwa lako. Ukitaka kuifanya iwe kazi, fahamu kwamba kuongoza watalii kuna leseni yake kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, kwa hiyo anza kwa kuulizia ofisi ya utalii ya halmashauri yako. Kwa sasa, tafuta mwongozaji mmoja Mikindani umwaminiye, mpelekee wageni, kisha nawe utembee nyuma yao ukisikiliza badala ya kulala kwenye bajaji.