Kupe wa Ulaya, kupe wa Masisi: majibu kwa wasomaji wa Goma

Dada yangu anayeishi Ubelgiji amepatikana na ugonjwa wa Lyme. Akija Goma likizoni atatuambukiza? (Mama wa Himbi)

Hapana, Mama. Mtu hamwambukizi mwenzake. Lyme huletwa na kupe, na huko Ulaya ni Ixodes ricinus, ambaye kwetu hayupo. Mwambie amalize dawa zake zote.

Nasikia Marekani kulungu ndio wanaoeneza Lyme. Mbona hawawaui wote? (Mwanafunzi, Katindo)

Kulungu hubeba kupe wakubwa na kuwalisha damu, lakini hawawapi bakteria wa Lyme. Kupe huzaliwa akiwa safi. Mlo wake wa kwanza mara nyingi ni panya mwenye miguu myeupe, na hapo ndipo anapopata bakteria huyo, Borrelia burgdorferi. Akishajivua gamba, huenda kumuuma mtu, akiwa mdogo kiasi kwamba hata haonekani vizuri. Ukiwaona kulungu tu, umemwacha panya. Na sisi tuna kosa la namna hiyo hiyo, nalieleza hapa chini.

Kupe akining'ang'ania, nimchome kwa kiberiti au nimpake petroli?

Usifanye lolote kati ya hayo. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumkamua, kisha unawe kwa sabuni.

Dokta, nanyunyizia dawa ng'ombe wangu huku Masisi lakini kupe hawafi, na ndama wawili wamekufa wakihema kwa shida. Nibadilishe dawa? (Papa, mfugaji)

Pole sana, Papa. Kuhema kwa shida, homa na tezi zilizovimba chini ya sikio ni dalili za ndigana kali. Vimelea vyake, Theileria parva, hubebwa na kupe wa kahawia anayependa masikio. Naye hazaliwi navyo: huvipata kwa ng'ombe au nyati, kisha huvipeleka kwa mnyama anayefuata. Ng'ombe aliyepona anaweza kubaki navyo akionekana mzima, na huyo ndiye panya wetu.

Kabla ya kubadilisha dawa, niambie: unaipima kwa kifaa gani? Wengi huongeza maji ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Dawa hafifu huua kupe dhaifu na kuwaacha wagumu wazaane. Fuata kipimo cha kibandiko, nyunyizia hadi ndani ya masikio, na mkubaliane na majirani kuogesha siku moja, maana malisho ni yenu wote. Buparvakwoni, dawa ya ndigana, husaidia ikichomwa mapema. Ndama akishatoa povu puani, umechelewa. Chanjo ipo: ndama hupewa vimelea hai pamoja na antibiotiki iitwayo oksitetrasiklini. Ifanywe na daktari wa mifugo pekee, kwa sababu ikikosewa ni ugonjwa wenyewe unaouchoma.

Homa inakuja, inaondoka, inarudi, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Ni Lyme? (Ndosho)

Kwa nini kila homa siku hizi iitwe Lyme? Kama umelala katika nyumba ya udongo yenye nyufa, uliza kwanza homa ya papasi. Papasi, kupe wa nyufani, huuma usiku, hushiba upesi na kurudi ufani, kwa hiyo asubuhi humkuti. Bakteria wake, Borrelia duttonii, ana jina la Joseph Dutton, daktari aliyefariki Kasongo mwaka 1905 akiuchunguza ugonjwa huu. Nenda hospitali wakati homa iko juu, uombe damu iangaliwe kwa hadubini, kwa sababu kipimo cha haraka cha malaria hakimwoni bakteria huyu. Mjamzito asingoje hata siku moja: homa hii huharibu mimba.

Nyumbani, ziba nyufa za kuta na sakafu, na inua vitanda mbali na ukuta.