Ule si mvuke wa maji

Kaka, umesema jamaa akivuta sigara ya kielektroniki ndani ya baa hakuna anayeumia, eti ni mvuke wa maji tu. Hapana, si maji. Kile kimiminika kina kemikali ziitwazo propilini glikoli na glisirini, ladha za viwandani, na mara nyingi nikotini. Kikipashwa moto kinatoka kama ukungu wenye chembe ndogo mno zinazofika hadi ndani ya mapafu. Ni kweli hakuna tumbaku inayoungua, kwa hiyo moshi wa sigara ya kawaida ni mbaya zaidi, hapo tuko pamoja. Lakini sumu kupungua si sawa na hewa kuwa safi.

Mimi nawafikiria zaidi wahudumu. Wewe unakaa saa mbili unaondoka zako. Dada wa kaunta pale Sinza yupo tangu jioni hadi usiku wa manane, ukumbi umefungwa vioo kwa ajili ya kiyoyozi, na pengine ana mimba changa. Yeye hawezi kuhama meza.

Sheria yetu Tanzania ya bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, kabla vifaa hivi havijaenea duniani. Hata Uingereza, katazo la mwaka 2007 la kuvuta sigara ndani ya baa halikuvigusa; wenye baa wengi wakajiwekea marufuku yao wenyewe. Meneja wa hapa Dar naye anaweza: anayevuta, ya moshi au ya betri, atoke nje penye upepo.