Wadogo zangu mnaoanza tamthilia, hebu njooni hapa

Nimemaliza kupitia kazi za mwaka wa kwanza, ni yaleyale ya kila mwaka. Istilahi zote mnazo, taharuki, kinaya, mgogoro, uzungumzinafsia (mhusika kujisemea mwenyewe ya moyoni), zimepigiwa mstari vizuri kabisa, halafu nikiuliza hiyo taharuki inamfanyia nini aliyekaa pale anaangalia mchezo, kimya. Nawapenda sana ila kwa hili mnanichosha.

1. Kusimulia hadithi siyo kuchambua. Anayesahihisha ameshausoma mchezo.

2. Msuko siyo orodha ya matukio, ni namna tukio moja linavyolizaa lingine. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, kwenye vipengele vyake sita vya tanzia (mchezo wa huzuni) aliutanguliza msuko hata mbele ya wahusika, na mambo ya kuonekana jukwaani akayaweka mwisho kabisa. Bisheni naye mkitaka, wengi wamebisha, lakini msibishe kabla hamjamwelewa.

3. Maelekezo ya jukwaa, yaani yale ya kwenye mabano. Hapa nakaa kidogo maana bado panauma. Kuna kundi moja la wadogo zangu, watoto wenye bidii kweli, walikuwa wanajiandaa na mtihani na nakala ya tamthilia ilikuwa moja tu, kwa hiyo mmoja akajitolea kuchapa onyesho zima kwenye simu awarushie wenzake. Ili amalize haraka akachapa mazungumzo tu, mabano yote akayaruka. Sasa mle ndani mume anaingia, mke anasema "Karibu mume wangu, nilikuwa nakungoja," na kwenye kitabu baada ya hapo kuna mabano: anasukuma barua chini ya mto, hamtazami. Basi! Maneno sita tu, na hiyo barua ndiyo mgogoro wenyewe, ndiyo inayokuja kufumuliwa kwenye kilele. Wao hawakuiona. Kundi zima likaandika mke ni mwaminifu, mtiifu, ana mapenzi ya dhati, na wakanukuu ile "karibu mume wangu" kama ushahidi. Walipofika kwenye kilele barua ikawa imeanguka kutoka mbinguni, mmoja akaandika kwamba mtunzi ameshindwa kuujenga msuko wake. Mtunzi wa watu! Aliyechapa alikuja kwangu analia, na nilimwambia ninachowaambia nyie leo, kwamba kwenye riwaya msimulizi angekwambia huyu mama anaficha kitu, lakini tamthilia kwa kawaida haina msimulizi wa kukushika mkono, kwa hiyo mdomo unasema hivi na mkono unafanya vile, na mhusika anakaa pale katikati. Ukisoma mdomo peke yake umesoma nusu ya mtu. Siku hizi nikisaidia kundi nawaambia mmoja wenu kazi yake iwe kusoma mabano tu, kwa sauti, wananiona msumbufu, sawa tu.

4. Kinaya cha kidrama mnakichanganya sana na taharuki. Taharuki unabaki na hamu, hujui itakuwaje. Kinaya wewe mtazamaji unajua, mhusika ndiye hajui. Oedipus, kwenye tamthilia ya Mgiriki Sophocles, anamlaani hadharani muuaji wa mfalme Laius, na muuaji ni yeye mwenyewe, hadhira ya Kigiriki ilikuwa inaijua hadithi tayari, kwa hiyo kila laana inayomtoka unaisikia inamrudia. Vyote viwili vinaweza kukaa kwenye onyesho moja, unajua muuaji ni nani ila hujui Oedipus atagundua lini, ndo maana nasema usitaje jina la mbinu ukaondoka, onyesha nani anajua nini wakati gani. Na wale mnaoniandikia kwamba tanzia lazima mhusika mkuu afe, mchezo huo unaisha Oedipus akiwa hai, amejipofua macho.

5. Uzungumzinafsia, hotuba ndefu kwa mhusika mwingine, na yale maneno ya pembeni ambayo wenzake jukwaani hawayasikii, haya matatu mnayaita yote monolojia. Jiulize swali moja tu, nani anasikia? Hamlet wa Shakespeare anapowaza kuhusu kuishi au kutoishi anatoa ya moyoni, lakini mfalme Claudius na mshauri wake Polonius wamejificha karibu, na Ophelia, binti wa Polonius, yupo palepale, na waongozaji hadi leo wanatofautiana kama Hamlet anajua anasikilizwa. Kila jibu linakupa Hamlet mwingine. Anzeni na hilo onyesho, tukikutana nataka kila mtu aniambie Hamlet wa kwake anajua au hajui, na mstari gani umemwambia hivyo.