Waliofaulu wamelikosa, waliofeli wamelipata: swali hili tulifanyeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Tuliwapa wanafunzi 60 wa kidato cha pili mtihani wa maswali 40 ya kuchagua, kila swali likiwa na machaguo manne. Baada ya kusahihisha, tulilinganisha wanafunzi 16 wa juu na 16 wa chini, kama mwenzangu alivyojifunza chuoni. Swali la 17 lilikuwa hili: «Neno "vizuri" ni aina gani ya neno? A. Nomino B. Kielezi C. Kivumishi D. Kiunganishi». Jibu katika mwongozo wetu ni C. Katika kundi la juu, 1 alichagua A, 11 walichagua B, 4 walichagua C, na hakuna aliyechagua D. Katika kundi la chini, 3 walichagua A, 3 B, 8 C na 2 D. Swali la 3 nalo lilipatwa na wote 16 wa juu na 15 wa chini. Mkuu wa idara anataka maswali yote mawili yafutwe. Je, yuko sahihi? Uthabiti wa mtihani kwa kanuni ya KR-20 umetoka 0.58, je, ni mbaya? Na je, ni lazima machaguo yawe manne?

JIBU: Mwalimu, nakushukuru kwa kuleta idadi ya waliochagua kila jibu, kwa sababu walimu wengi huniletea fahirisi peke yake (namba inayoonyesha jinsi swali linavyotofautisha wanafunzi wazuri na dhaifu), na fahirisi peke yake haisemi tatizo liko wapi.

Tuanze na hesabu. Waliopata swali la 17 ni 4 wa juu na 8 wa chini, yaani 12 kati ya 32, hivyo kiwango cha ugumu ni 0.38. Uwezo wa swali kutofautisha wanafunzi ni tofauti ya makundi hayo mawili ikigawanywa kwa idadi ya kundi moja: 4 kutoa 8, kugawanya kwa 16, sawa na -0.25. Hiyo ndiyo fahirisi. Kwa vigezo vya mtaalamu wa upimaji Robert Ebel ambavyo vyuo vingi hufundisha, 0.40 na kuendelea ni swali zuri sana na chini ya 0.20 ni swali dhaifu. Lililo hasi huhesabiwa kuwa na kasoro. Hapo ndipo mkuu wako wa idara alipoishia, na kwa kweli wengi wetu huishia hapo.

Sasa tazama wanafunzi walikokwenda. Wale 12 wa juu waliokosa hawakutawanyika kama watu wanaobahatisha. 11 kati yao walikusanyika kwenye B. Wanafunzi wako bora wanapokubaliana kwa wingi kiasi hicho juu ya jibu ambalo mwongozo unaliita kosa, kitu cha kwanza cha kukagua ni mwongozo, cha pili ni shina la swali (maneno ya swali lenyewe kabla ya machaguo), na wanafunzi huja mwisho. Hapa tatizo liko kwenye shina. Katika «vitabu vizuri», neno hilo ni kivumishi. Katika «mtoto anaimba vizuri», ni kielezi. Aina ya neno hutambuliwa kwa kazi yake katika sentensi, nanyi mliliuliza likiwa peke yake. Aliyekariri kwamba -zuri ni mzizi wa kivumishi alipata alama, na aliyezoea kulisikia neno hilo likieleza kitenzi alikosa. Mmewaadhibu waliojua zaidi, ingawa hamkukusudia.

Kwa hiyo sishauri kulifuta, na sababu yake ni ya haki kuliko ya takwimu. Chukua mwanafunzi aliyepata 20 kati ya 40, yaani asilimia 50, na ambaye swali la 17 ni mojawapo ya aliyopata. Mkilifuta anabaki na 19 kati ya 39, takribani asilimia 48.7, na kama alama ya kufaulu ni 50 atakuwa amefelishwa na kosa la mtunzi. Mkiwapa wote alama, hata aliyesema «vizuri» ni kiunganishi atazawadiwa. Kubalini B na C zote mbili: hakuna atakayepoteza, na wale 11 watapata haki yao. Kwenye benki yenu ya maswali, liandikeni upya ndani ya sentensi, kwa mfano: «Katika sentensi "Mtoto huyu anaimba vizuri", neno "vizuri" ni aina gani ya neno?»

Niongeze tahadhari moja kuhusu kundi la watu 16. Mgawanyo wa asilimia 27 mlioutumia (asilimia 27 ya 60 ni 16.2) umetokana na kazi ya Truman Kelley ya mwaka 1939, iliyoonyesha kwamba alama zikiwa na mtawanyo wa kawaida, sehemu hiyo husawazisha mambo mawili yanayovutana: makundi yawe mbalimbali vya kutosha, na kila kundi liwe na watu wa kutosha. Lakini kwenu mwanafunzi mmoja akibadilisha jibu fahirisi inasogea kwa 0.06, kwa hiyo swali lenye 0.19 na lenye 0.25 hutofautiana kwa mtoto mmoja tu, pengine aliyeugua siku hiyo. Kwa darasa la ukubwa wenu ningegawanya katikati, 30 kwa 30, au ningetumia Excel kukokotoa uhusiano kati ya swali na jumla ya alama za maswali yaliyobaki, ili kila mwanafunzi ahesabiwe. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwalimu mgeni, niliwahi kufuta swali zuri la ngeli kwa sababu fahirisi yake ilikuwa 0.15 katika darasa la watu 24. Muhula uliofuata mwenzangu alilitumia kwa mikondo minne na likawa miongoni mwa maswali yake bora.

Swali la 3 ni kesi tofauti kabisa. Fahirisi yake ni 0.06, lakini ni kwa sababu karibu wote wanajua, na swali ambalo wote wamelipata haliwezi kumtofautisha mtu na mwingine. Je, mtihani wenu ulikusudia kuwapanga wanafunzi kwa nafasi, au kuona kama mada imeeleweka? Tofauti hii ndiyo Robert Glaser aliyoisisitiza mwaka 1963 alipotenganisha upimaji wa kumlinganisha mtu na wenzake na ule wa kumlinganisha na kigezo cha umahiri. Kama mlitaka kujua mada imeeleweka, swali la 3 limewapa habari njema, na halina sababu ya kufutwa.

Kuhusu 0.58: kanuni ya Kuder na Richardson, ndiyo hiyo KR-20, iliyochapishwa mwaka 1937, hukadiria kwa kipimo kinachofika 1 jinsi alama za mtihani zinavyoaminika. Nayo hutegemea mtawanyo wa alama, hivyo maswali rahisi mno na maswali yenye kasoro kama la 17 huishusha. Kwa jaribio la kawaida la darasani si balaa, ila singeitumia kuamua nani akariri darasa. Kwa kanuni ya Spearman na Brown, inayokadiria uthabiti mtihani ukirefushwa, mtihani wa maswali 80 ya ubora huohuo ungefikia takribani 0.73. Najua hakuna mwalimu atakayetunga maswali 80 kwa kipindi kimoja, lakini mkiunganisha alama za majaribio mawili ya muhula mtakuwa mmeupata urefu huo bila kumchosha mtu.

Ukitaka kuona kazi ya namna hii ikifanywa kwa upana, soma taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania huzitoa kwa kila somo. Zinaeleza ni kipotoshi kipi, yaani chaguo lipi lisilo sahihi, kiliwavuta watahiniwa na kwa nini, na ndivyo tulivyofanya hapa na wanafunzi 32.

Mwisho, machaguo manne si lazima. Mwaka 2005 Michael Rodriguez alikusanya matokeo ya tafiti za miaka 80 na kuona kwamba mara nyingi machaguo matatu yanatosha, kwa kuwa chaguo la nne mara nyingi huchaguliwa na wachache sana. Ni kweli kwamba anayebahatisha maswali yote 40 atategemea kupata takribani 13 badala ya 10, na alama ya kufaulu izingatie hilo. Lakini muda mnaoutumia kutafuta chaguo la nne mngeweza kuutumia kutunga maswali mengine. Katika swali lenu la 17, D ilichaguliwa na wawili tu kati ya 32, wote wa kundi la chini. Ningeanza kwa kuiondoa hiyo.